Nidhamu Yangu na Ng'ombe wa Bibi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Daftari jipya. Dada Eliona amesema kila msichana aandike kila siku, na hakuna atakayelisoma isipokuwa mwenyewe. Vizuri. Basi niseme ukweli mara moja: semina sikuipenda.

Ilikuwa jana, ukumbi wa usharika, baada ya ibada. Mada: Msichana Anayejithamini na Mwenye Nidhamu. Dada Eliona ametoka Moshi mjini, ana shahada, ana viatu vya visigino virefu. Kimoja kilinasa kwenye tope la mlangoni, akaingia na mguu mmoja mtupu, akajicheka mwenyewe kabla sisi hatujamcheka. Kumbe huko ndiko kujiamini. Mimi ningerudi nyumbani nikalala wiki nzima.

Tumepewa kadi yenye visanduku kumi na vinne. Kila mtu ajiwekee malengo matatu. Nimeandika: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukata majani ya ng'ombe bila kutumwa, kusoma saa mbili kila siku. Kila jioni mlezi anatia saini. Binamu yangu Beatha, ambaye kwao na kwetu tunatenganishwa na ua tu, kaandika malengo matano. Nani aliomba matano?

Msichana mmoja atachaguliwa. Tarehe 22 atatoa ushuhuda mbele ya usharika mzima, halafu ataungana na wasichana wa sharika nyingine kupanda mlima hadi Mandara, kituo cha kwanza upande wa Marangu. Miaka kumi na sita naishi chini ya Kilimanjaro. Nimewaona wageni wenye umri wa Bibi wakipita na fimbo zao kwenda juu. Mimi sijawahi hata kuvuka msitu. Beatha naye hajavuka.

Nataka nivuke yeye akibaki.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka saa mbili na robo. Baridi! Juni ya Machame si mwezi, ni adhabu. Ukungu unaingia hadi ndani ya blanketi.

Bibi Yuditha, mama yake mama yangu, ndiye ninayeishi naye. Nilipotoka nje alikuwa ameshakata majani, ameshakamua, ameshapeleka maziwa na kurudi. Ana miaka sabini na moja. Hajahudhuria semina yoyote.

Jioni nikampa kadi asaini. Akauliza anasainia nini. Nikasema nidhamu yangu. Akasema hiyo hajaiona, akanirudishia kadi na kalamu.

Jumatano, 11 Juni

Bibi anasaini kwa kuandika jina lake lote, herufi moja moja, mkono ukitetemeka kwenye d na h. Nimefanya mazoezi saa moja na nusu. Kurasa mbili zimejaa Yuditha. Tangu likizo ianze sijakaa na kalamu muda wote huo. Nimehesabu kama kusoma.

Visanduku vitatu vimesainiwa. Kazi safi.

Alhamisi, 12 Juni

Zoezi la kioo. Unasimama mbele ya kioo, unataja kwa sauti mambo matatu unayoyapenda kwako. Kioo chetu kiko chumbani kwa Bibi. Kina ufa, kinakupa uso nusu.

Nikasema: Mimi ni wa thamani. Bibi, jikoni, akaitikia: Amina! Alidhani naomba. Nikasema: Nina macho mazuri. Kimya. La tatu nikalitafuta. Nikalitafuta mpaka uji ukapoa. Halikupatikana.

Jioni Mama kapiga simu. Anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini tambarare, anapanda kuja kutuona mara moja kwa mwezi. Swali la kwanza: Bibi hajambo? La pili: Beatha hajambo, nasikia kawa wa kwanza tena? Kabla ya la tatu mtandao ukakatika.

Labda la tatu lilikuwa langu.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango umepatikana, tena umefanikiwa!

Mwinjilisti Filemon hupita kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji, kila asubuhi akienda kugonga kengele. Dada Eliona atamuuliza maoni yake, hilo ni lazima. Kwa hiyo sihitaji kuwa na nidhamu siku kumi na nne. Nahitaji kuonekana nayo asubuhi moja.

Nimefika mfongoni saa kumi na mbili kasoro. Mundu mkononi. Vidole havina damu. Nikamkosa Mwinjilisti, lakini nikauona mzigo wa majani kando ya maji, umefungwa vizuri, umewekwa njiani. Beatha alikuwa ameuacha, kashuka bondeni kukata wa pili. Mzigo hauandikwi jina. Nikajitwisha.

Sijafika hatua ishirini, Mwinjilisti huyu hapa! Shikamoo Mwinjilisti. Akaitikia, akaniuliza: ni Hilda? Nikasema ni mimi. Akauliza tena. Halafu akasema Bwana ametenda.

Aliuliza mara mbili. Kumbe ndivyo wanavyotuchukulia watu wengine.

Jioni Beatha akaja hadi mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa na majibu manne. Akasema, "Naomba kamba. Ni ya baba." Nikampa kamba. Akaikunja vizuri, akaondoka.

Afadhali angenitukana. Mtu anayenyamaza namna hiyo ana kiburi.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada Mwinjilisti akamsifia Bibi habari zangu mbele ya akina mama wote wa usharika. Bibi alinishika mkono njia nzima ya kurudi nyumbani. Akawa anaongea Kichagga tupu, kama afanyavyo akiwa na furaha. Akapika mtori, nyama zote akaziweka kwenye bakuli langu. Nilijisikia vizuri sana. Nadhani huko ndiko kujithamini kwenyewe.

Saa kumi simu ya Dada Eliona. Tumebaki wawili, mimi na Beatha. Ijumaa atakuja kututembelea nyumbani na kuongea na walezi.

Na walezi!

Jumatatu, 16 Juni

Nikamwomba Bibi, akiulizwa, aseme naamka saa kumi na moja.

"Nitasema nilichokiona," akajibu.

"Umeona nini, Bibi?"

"Nimekuona siku moja na mzigo kichwani. Nimefurahi sana mjukuu wangu. Lakini ni siku moja."

Mzee wa Kilutheri ni mtihani.

Jumanne, 17 Juni

Bibi ana dada yake Mwika, miguu inamsumbua tangu Pasaka. Kila siku Bibi anasema atakwenda kumwona, na kila siku hawezi kwa sababu ya ng'ombe. Nikamwambia aende. Kesho hii hii. Akae hadi Jumamosi. Ng'ombe nitamtunza mimi.

 Akauliza kama nitaweza. Nikasema Bibi, mimi ni wa thamani. Akacheka, akaenda kufungasha ndizi za zawadi.

Nijieleze kidogo kuhusu ng'ombe huyu. Anaitwa Tumaini. Kila kitu changu cha shule, ada, sare, madaftari, na hili daftari, kimetoka kwenye maziwa yake. Kwa hiyo ni ng'ombe wa heshima. Bibi amenipa maelekezo marefu sana juu ya chakula chake. Majani gani, yakatwe wapi, yaanikwe muda gani, asipewe nini. Mimi nilikuwa nachagua nguo ya Ijumaa.

Alhamisi, 19 Juni

Jana nililisha majani aliyoyaacha Bibi. Rahisi! Sijui kwa nini watu wanalalamika.

Leo yamekwisha, na mvua imenyesha tangu alfajiri. Hadi bondeni kwenye majani ni robo saa, utelezi mtupu. Hadi kwenye maharage nyuma ya jiko ni hatua kumi. Maharage mabichi, yana majani laini, yanang'aa maji. Nimekata upande wa nyuma, usioonekana. Tumaini amekula kwa furaha. Hajawahi kuniangalia hivyo.

Nimekata mengine ya kesho. Nikasaini visanduku vilivyobaki, hadi vya siku ambazo hazijafika.

Ijumaa, 20 Juni

Mkono bado unatetemeka, na leo siigi saini ya mtu.

Saa saba mchana nimeshavaa gauni la bluu, nimeshafagia uwanja. Nikaenda zizini kuweka mambo sawa. Tumaini alikuwa amesimama miguu imetanuka, ulimi nje, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Anaguna. Anaguna kama mtu.

Nilifanya nini? Nilizunguka. Nilizunguka zizi mara nne nikisema Yesu. Nikashika simu nimpigie Bibi, nikaiweka chini, maana angejua. Nikaishika nimpigie Mama, nikaiweka chini. Tumaini akapiga magoti ya mbele.

Beatha akaruka ua wa masale. Alisikia mguno akiwa kwao.

"Umempa nini?"

"Majani."

"Majani gani, Hilda?"

"Ya maharage."

 Alivua ndala zake, akazishika mkononi, akakimbia peku kwenye tope lile. Sijui alichukua dakika ngapi. Mimi nilibaki na Tumaini. Nikamshika shingo. Nikamwambia asife, nitakata majani kila siku ya maisha yangu, saa kumi na moja, saa kumi, saa yoyote atakayo.

Alirudi nyuma ya pikipiki ya bwana mifugo, Mzee Gerson. Wakamwinua. Beatha akashika kichwa, akakikumbatia kabisa, Mzee Gerson akammiminia mafuta ya kula mdomoni kwa chupa. Mimi nilishika kamba. Wakamtembeza kupandisha kilima, wakamkanda ubavu, wakamtembeza tena. Mafuta, mate na mavi vyote vilimwishia Beatha. Kisha Tumaini akacheua. Sauti kubwa, mbaya, yenye harufu. Sijasikia wimbo mzuri kama huo tangu nizaliwe.

Nikalia. Nataka iandikwe hapa kwamba kilikuwa kilio cha kweli. Kwa dakika kumi hivi sikumwaza mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Mzee Gerson akaondoka. Beatha akajitazama, akasema lazima aoge, mgeni anakuja. Akapita kwenye masale.

Na hapo hapo, kwa upande wa barabarani, akaja Dada Eliona, safari hii kavaa mabuti ya mpira. Akanikuta peke yangu na ng'ombe, mkono shingoni mwake, nalia, gauni la bluu limeharibika. Chupa ya mafuta miguuni pangu.

Akauliza kimetokea nini. Nikasema gesi. Akauliza Bibi yuko wapi. Nikasema Mwika. Akaniuliza, sauti imepungua: "Umemwokoa peke yako?"

Nilitaka kujibu. Lakini nilikuwa nalia, na ukilia watu hujijibu wenyewe. Alinikumbatia na mavi yote. Kisha akaomba kadi, akaangalia saini, akasema mkono wa wazee una heshima yake. Bahati nzuri visanduku vya mwisho hakuvifikia, machozi yalimjaa.

Alipofika kwa Beatha ilibidi asubiri. Beatha alikuwa bado bafuni.

Sikusema uongo. Nilinyamaza tu.

Jumamosi, 21 Juni

Bibi amerudi. Akaenda zizini kabla ya kuvua kitenge cha safari. Akakamua. Ndoo haikufika nusu. Akazunguka nyuma ya jiko, akaangalia maharage, akarudi, akaketi kwenye kigoda.

Nikamwambia mvua ilikuwa kubwa.

Akasema kule Mwika aliwasimulia habari zangu. Dada yake, majirani, mchungaji aliyekuja kumwombea mgonjwa. Aliwaambia mjukuu wake siku hizi anaamka mwenyewe. "Niliwaambia wote," akasema.

Hakugomba. Akainuka akachukua mundu, akashuka bondeni.

Jioni simu ya Dada Eliona. Nimechaguliwa! Nimempigia Mama papo hapo. Amesema atapanda gari la kwanza.

Jumapili, 22 Juni

Mama alikuja na kitenge cha Krismasi. Alikaa benchi la tatu na Bibi.

Nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Naapa. Usiku nilikuwa nimeupanga: maharage, Beatha, tope, kamba, yote. Nikasimama mbele. Nikasema juzi ng'ombe wa Bibi alikaribia kufa.  Nikamtazama Mama. Beatha alikuwa amesimama na kwaya, hatua tano tu kutoka nilipo, na Mama hakuwa anamwangalia Beatha. Alikuwa ananiangalia mimi. Mdomo umefunguka kidogo, kama anayemwona mtu kwa mara ya kwanza na anampenda.

"Nilikuwa peke yangu," nikasema.

Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Vigelegele! Mwinjilisti alifuta miwani. Bibi aliangalia mikono yake.

Nje Mama alinishika mashavu akasema, "Leo nimemwona mtoto wangu." Hakuuliza habari za Beatha. Hata moja.

Beatha mwenyewe alinikuta nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji.

"Sitamwambia mtu," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Juzi, kama nisingesikia, ungeniita?"

Dada Eliona anasema msichana anayejithamini humtazama mtu machoni na kujibu kwa sauti thabiti. Nikamtazama machoni. Nikasema ningekuita, ndiyo.

"Usingeniita," akasema. "Ungemwacha afe nisije nikasifiwa."

Akaenda kukunja joho la kwaya.

Wivu unawaharibu watu.

Jumatano, 25 Juni

Beatha anakuja kila asubuhi kumkagua Tumaini ubavu. Anamsalimia Bibi, anamsalimia ng'ombe. Nasimuliwa tu. Mimi saa hizo nakuwa nimelala, najiandaa na mlima.

Jumamosi, 28 Juni

Mandara.

Hakuna aliyeniambia kwamba mlima unapanda muda wote. Ngazi za mizizi, matope, ngazi tena. Wasichana wa Mwika walipanda huku wanaimba sauti nne. Mimi nilikuwa nahema kama Tumaini siku ile. Tulipofika nusu ya njia, penye meza za mbao, nikamwambia kiongozi kichwa kinaniuma. Akaniuliza kinauma mbele au nyuma. Nikasema kote. Akasema mlima hauchezewi, akanipa mtu wa kunishusha.

Nilipokuwa nashuka kichwa kilikuwa hakiumi hata kidogo. Jambo la ajabu.

Nimekaa getini saa nne nzima. Waliporudi walikuwa na tope hadi magotini, wanacheka kwa namna fulani, kama watu wenye siri. Msichana mmoja wa Mwika, Loveness, akanitumia picha: nyumba za mbao zenye paa la pembe, ukungu, ndege mweusi mwenye shingo nyeupe. Ndani ya picha hakuna mtu. Picha kama hiyo mtu yeyote angeweza kuipiga. Nimemtumia Mama. Amejibu kwa mioyo sita.

Nyumbani nilifika saa moja jioni. Bibi alikuwa ameniwekea ndizi karibu na moto. Akauliza juu kukoje. Yeye hajawahi kupita msitu, miaka sabini na moja. Nikamweleza zile nyumba. Nikamweleza yule ndege, nikasema alikula mkononi mwangu. Bibi alisahau kutafuna. Akaacha kijiko, akafumba macho ili aone vizuri.

Akauliza kama kutoka kule nyumba yetu inaonekana.

Mandara iko upande wa Marangu. Machame iko upande mwingine kabisa wa mlima. Nikasema inaonekana. Hata bati jipya la jikoni.

Akafungua macho. Akauliza kama nilimwona yeye.

Nikasema nilimwona, alikuwa uwanjani. Nikamwambia nilimpungia mikono yote miwili, nikamwita kwa nguvu, tena mara tatu, lakini hakutazama juu.

Bibi akasikitika sana. Akasema ni masikio yake, siku hizi hayasikii vizuri. Akanishika goti, akaniomba msamaha.

Nimemsamehe.